Ukurasa wa Thelathini na Tatu

Bi Pambizo alikuwa amekuja kuiba ukurasa wake mwenyewe.

Kazini alikuwa ameomba ruhusa kwa kisingizio cha jino. Bosi wake alimwonea huruma hata akamshauri asukutue kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo saa nane mchana, siku ya Alhamisi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na saba, mkuu wa usanifu katika nyumba ya uchapishaji, mtu ambaye vijana ofisini humwamkia kwa woga, alikuwa akipanda ngazi za idara aliyosomea kwa kunyata.

Tangazo alilipata Jumanne. Idara ya Elimu ya Sanaa na Usanifu wa Michoro inahamia jengo jipya. Wahitimu wote wa shahada ya uzamili wanaombwa kufika kuchukua kazi zao zilizobaki kwenye makabati. Zisizochukuliwa hadi Ijumaa zitatundikwa katika maonyesho ya ufunguzi. Wenzake walitumiana vikaragosi vya kucheka na kukumbushana vituko. Yeye usingizi ulimruka siku mbili mfululizo.

Sababu ilikuwa moja tu. Katika droo mojawapo, ndani ya rasimu ya kitabu alichokitengeneza na Penseli, mwanafunzi mwenzake, ukurasa wa thelathini na tatu ulikuwa barua ya mapenzi. Aliiandika yeye, kwa akili zake timamu. Na chini ya barua hiyo kulikuwa na jibu la Penseli, mistari mitatu ambayo hata leo akiikumbuka akiwa bafuni peke yake huziba uso kwa mikono. Sasa ukurasa huo utundikwe ukutani, watu wapite na glasi za juisi wakiusoma? Afadhali afe.

Mpango wake ulikuwa mfupi: aingie, avute droo, achomoe ukurasa, aondoke. Ulihitaji jambo moja tu, kwamba Penseli asiwepo. Alijua alibaki hapo kufundisha. Lakini alipopiga simu, katibu wa idara alimwambia makabati yanasimamiwa na "mwalimu mmoja mpole sana", naye akajipa moyo kwamba walimu wapole wako wengi.

Alipofungua mlango wa karakana, harufu ndiyo iliyompokea kwanza, harufu ya gundi, wino na karatasi zilizokaa. Meza ndefu ilikuwepo pale pale na makovu yake ya visu vya kukatia karatasi. Bomba la kuoshea brashi lilikuwa bado linadondosha. Miaka kumi na moja yote, fundi hakuwahi kufika.

"Karibu, dada," sauti ilisema kutoka nyuma ya makabati. "Nitajie mwaka uliohitimu tu, droo nitaitafuta mwenyewe."

Sauti ile angeitambua hata sokoni katikati ya makelele. Alifikiria kugeuka na kutimua mbio, ila alikuwa amevaa viatu vya visigino, na ngazi zile alizijua zinavyolia zikikanyagwa.

"Mwaka wetu sisi," akajibu.

Kisha kichwa kikachomoza pembeni ya kabati, kina mvi chache juu ya masikio, na penseli imechomekwa nyuma ya sikio la kulia.

"Bi Pambizo," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo aliousahau.

"Penseli."

Majina hayo walipachikwa wiki ya kwanza ya masomo. Yeye kwa sababu alipima pambizo za kila karatasi iliyopita mbele yake, hata ya orodha ya vyakula kwenye mgahawa wa chuo. Mwenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona sikio lile likiwa tupu. Majina yao halisi yalibaki kwenye vitambulisho.

Walitazamana. Macho ya Penseli yalimpitia kuanzia kilemba hadi viatu, yakarudi usoni, yakabaki hapo.

"Umenenepa kidogo," akasema, kisha akafumba macho kwa kuona alichokisema. "Yaani, umependeza. Nilitaka kusema umependeza."

"Na wewe umezeeka kidogo. Yaani, umependeza."

Wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kile kile cha zamani, kilichowafanya wafukuzwe maktabani mara mbili, na Bi Pambizo alijilaumu kwa jinsi kilivyomwingia vizuri kifuani. Hakuja kucheka. Alikuja kuiba.

"Nimefuata rasimu yetu," akasema, akijikaza. "Sitakaa. Nina... jino."

"Pole. Kaa kwanza, nikuchemshie chai. Ya uvuguvugu haitakuumiza."

"Usijisumbue."

"Bi Pambizo, miaka kumi na moja hujakanyaga hapa. Chai haitakuchelewesha."

Akaenda kwenye kijichumba cha pili. Birika lilisikika likijazwa maji. Na juu ya meza ndefu, bila hata kuvuta droo, Bi Pambizo aliiona: kasha la kijani, rasimu ya kitabu cha kazi cha sanaa kwa watoto wa darasa la kwanza. Kurasa zilikuwa nje, zimepangwa mafungu mawili.

Aliugusa ukurasa wa juu. Mwaka mzima wa ujana wake ulikuwa hapo. Penseli, wa elimu ya sanaa, ndiye aliyetunga mazoezi: namna ya kumfundisha mtoto achore anachokiona badala ya anachoambiwa. Yeye, wa usanifu, alipanga kurasa. Tatizo lilikuwa kwamba Penseli alitunga polepole mno. Sentensi moja angeizungusha juma zima. Yeye hakuweza kungoja, maana ukurasa bila maneno hauonyeshi kitu, kwa hiyo alijaza nafasi kwa maneno yoyote yaliyomjia kichwani: ugomvi wa shangazi yake na jirani mwenye jogoo, kiatu chake kilichokatika barabarani, malalamiko ya mama kuhusu mapazia. Kisha angeutia ukurasa kwenye trei ya Penseli, na jioni angeukuta kwenye trei yake, na maoni ya penseli chini.

Mambo yao yote makubwa waliambiana kupitia trei zile. Ndiyo maana mwaka ule mama yake alipoanza kumsifia mfamasia, mtoto wa rafiki yake, mwenye duka lake mwenyewe la dawa na gari lisilopiga kelele, Bi Pambizo hakuweza kumkabili Penseli kwa mdomo. Alijaribu mara tatu. Kila alipofungua kinywa, Penseli alianza kumweleza habari za rangi ya manjano.

Naye mama alimjua Penseli. Alimwona siku moja tu, kijana alipoleta rasimu nyumbani akiwa ameloa chapachapa, karatasi zikiwa kavu ndani ya koti lake.

"Na ukimaliza kusoma kuchora, mwanangu, utakuwa nani?" mama alimuuliza.

"Mwalimu wa kuchora, mama."

"Kwani kuna mtoto asiyejua kuchora?"

Mama hakukejeli, alitaka kujua kweli. Penseli alieleza hadi chai ikapoa. Alipoondoka, mama alisema kijana ana adabu, lakini hamwoni binti yake akiishi na mtu anayezungumzia kalamu za rangi saa nzima. Na hapo mjadala ulifungwa.

Bi Pambizo alifunua haraka fungu la pili. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja. Birika lilianza kuimba. Thelathini na tatu ilikuwa na safu mbili na mwandiko wake wa kompyuta alioupenda enzi hizo. Hakuutazama vizuri. Aliukunja mara mbili, yeye ambaye hajawahi kukunja karatasi ya mtu, akautumbukiza kwenye mkoba na kufunga zipu.

Basi. Kazi imekwisha. Alipaswa kujisikia mwepesi.

Penseli alirudi na vikombe viwili. Chake mwenyewe kilikuwa kile kile cha enzi zile, chenye kishikio kilichogundishwa.

"Nilisikia habari zako," akasema akikaa upande wa pili wa meza. "Vitabu vyako nafundishia. Nawaambia wanafunzi, tazameni pambizo hizi, huyu mtu namjua."

"Asante."

"Na mzee wa dawa hajambo?"

"Hajambo. Tuliachana mwaka wa nne. Bila kelele. Alikuwa mtu mzuri, tulikuwa tunapishana tu sebuleni." Alikunywa funda la chai. "Nimerudi kwa mama. Na wewe? Watoto wangapi?"

"Nina wanafunzi mia na ishirini. Nilikaribia kuoa mara moja. Yule dada akaniambia anaona anaolewa na mtu ambaye hayupo." Alitabasamu akitazama kikombe. "Hakukosea."

Maneno yale yalimchoma Bi Pambizo, kisha yakampandisha hasira. Mtu aliyemjibu vile kwa penseli ana haki gani ya kukaa hapa na kutabasamu kwa huzuni?

"Lakini nafurahi umekuja leo," Penseli akaendelea, uso umechangamka. "Unajua ninachokifanya tangu jana? Nasoma rasimu yetu."

"Unaikagua?"

"Naisoma. Maneno yako yale. Bi Pambizo, nimecheka hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama. Shangazi yako na jogoo! Hivi ni kweli alimpelekea jirani barua ya onyo imeandikwa jina la jogoo?"

"Kweli kabisa. Lakini hayo si ulishayasoma zamani?"

"Mimi? Hata moja."

Akaweka kikombe mezani. Aliona aibu kidogo.

"Unamkumbuka mama mhadhiri, wa miwani ya mnyororo? Aliyetuambia ukianza kusoma maneno huuoni tena ukurasa? Tuugeuze kichwa chini, tuone uzito uko wapi? Wewe ulikuwa msanifu, ulishajua. Mimi mtu wa elimu niliogopa kuonekana mshamba. Kwa hiyo kila ukurasa ulionipa niliutoa kwenye trei umegeuzwa tayari, nikafumba jicho moja, nikaandika maoni, nikaurudisha. Sikusoma hata neno. Jana nilipoanza, nikasema, kumbe nilikuwa na kitabu kizima cha huyu mtu na sikujua." Alicheka peke yake. "Najinyima makusudi, nisikimalize haraka. Nimefika wa ishirini na nane."

Bi Pambizo aliweka kikombe chini.

Alimwona Penseli wa zamani akifanya hivyo hivyo, mara mia: karatasi juu chini, jicho moja limefumbwa, ulimi umetokeza kidogo. Alikuwa amemwona kwa macho yake. Hakuwahi kufikiri kwamba hata ukurasa ule, hata ule unaoanza kwa jina lake, naye angeugeuza.

"Hata... hata kurasa za mwisho?" akauliza.

"Zote. Mbona umebadilika rangi? Ni jino?"

Alitazama mkoba mapajani mwake. Zipu ilikuwa imefungwa. Angeweza kusimama, kuaga, kusingizia jino, na jambo hili lingekwisha leo na asijue mtu yeyote duniani. Angeenda nyumbani na aibu yake ikiwa salama. Penseli angefika wa thelathini na mbili, aruke mmoja, ashangae kidogo, aendelee.

Tayari Penseli alikuwa amevuta fungu la pili na kulipanga upya kwa mazoea ya kazi. Akahesabu kwa kidole. Akarudia.

"Ajabu. Wa thelathini na tatu haupo. Jana jioni ulikuwepo, nina hakika."

Bi Pambizo alifungua zipu. Ilipiga kelele kuliko alivyotarajia. Akautoa ukurasa, akaukunjua juu ya meza, akaulainisha kwa kiganja.

"Nilikuja kuuiba," akasema. "Hakuna jino."

Penseli alimtazama, akautazama ukurasa, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kuugeuza kichwa chini.

"Usiugeuze!" Ilimtoka kwa ukali hata yeye mwenyewe akashtuka. "Usome. Safari hii, nakuomba, usome tu."

Penseli aliuvuta kwake. Akaanza kusoma, midomo ikicheza kama ya mtoto anayeanza kusoma, na Bi Pambizo akayafuata maneno kwa kumbukumbu, maana aliyajua yote.

*Penseli, haya si maneno ya kujaza nafasi. Jumamosi watu wanakuja nyumbani kuniposa, na mama ameshabadilisha mapazia. Mimi nakupenda wewe. Nimejaribu kukwambia mara tatu ukaniambia habari za manjano. Nayapenda hata manjano yako. Kama unanitaka, njoo nyumbani kabla ya Jumamosi uzungumze na mama. Usipokuja nitajua, wala sitakulaumu.*

Na chini kabisa, upande wa kushoto, peke yake: *Sitakuuliza tena.*

Kisha mwandiko wa penseli: *Safi sana. Safu ya kushoto ni nzito, ipunguze kidogo. Mstari wa mwisho umebaki peke yake, uondoe.*

Penseli alimaliza. Akarudi juu, akasoma tena. Aliiondoa penseli nyuma ya sikio na kuiweka mezani, akaisukuma mbali, kana kwamba hataki kuwa karibu nayo.

"Mungu wangu," akasema. "Niliandika uondoe."

"Uliandika uondoe."

"Na 'safi sana'."

"Hiyo ndiyo iliyoniua. Nilikaa chooni hapo chini saa nzima nikilia. Nikasema, huyu mtu ameniona mjinga, amenisahihisha. Jumatatu sikurudi. Tasnifu niliitetea bila kukutazama usoni, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilidhani ni kwa sababu umeshachumbiwa. Nikasema nisikusumbue." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kadi yako ya harusi ulinitumia."

"Kwa hasira."

"Hiyo niliisoma. Neno kwa neno, mara sijui ngapi. Nilitafuta mahali palipoandikwa kwamba ni mzaha."

Bi Pambizo alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alilia waziwazi, bila kujificha, kwa ajili ya wale watoto wawili wenye wino vidoleni waliopendana na kushindwa kwa sababu mmoja wao alikuwa mwanafunzi mwema mno. Penseli alizunguka meza. Hakumkumbatia. Alisimama karibu yake na kuushika mkono wake kwa mikono miwili, na mikono ile ilikuwa bado na ukavu wa chaki.

"Miaka kumi na moja nimekuchukia bure," akasema kati ya kwikwi.

"Si bure. Ningesoma mstari wa kwanza tu." Alitikisa kichwa. "Ningekuja siku ile ile. Ningekuja na brashi mkononi. Nilikuwa nakupenda hadi nashindwa kutunga sentensi, unafikiri kwa nini mazoezi yalikuwa yanachelewa? Nilikuwa nayachelewesha kitabu kisiishe."

Alimtazama. Penseli alikuwa na makunyanzi mapya pembeni mwa macho, lakini macho yalikuwa yale yale yaliyomtazama juu ya meza hii akipima pambizo. Hakuona sababu ya kujidanganya. Alikuwa bado anampenda. Ilimuuma, na ilimfurahisha, vyote kwa pamoja.

"Hayo yalikuwa ya zamani," akasema kwa woga. "Tulikuwa watoto."

"Mimi sisemi ya zamani." Penseli alilichukua koti lake kwenye msumari. "Uliandika hutaniuliza tena, na usiniulize. Leo nauliza mimi. Mama yako yuko nyumbani saa hizi?"

"Sasa hivi? Penseli, makabati yako wazi."

"Yako wazi. Yuko nyumbani?"

Bi Pambizo alitoa simu. Vidole vilimpotea mara mbili kabla ya kulipata jina. Mama alipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, ingawa siku zote hukana kwamba hulala mchana.

"Mama, upo?"

"Nipo, niende wapi? Mbona unalia? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nakuja na mgeni."

"Mgeni gani saa hizi? Sijafagia hata sebule."

Alimtazama Penseli, aliyekuwa akijaribu kufunga vifungo vya koti na kuvikosea vyote.

"Yule mwalimu wa kuchora," akasema.

Alisikia mama akivuta kiti na kukaa. Alijiandaa kwa maneno yale ya miaka ile, na safari hii alikuwa na majibu.

"Yule uliyekuwa unamsubiri dirishani?" mama akauliza.

"Mama... ulijua?"

"Nilikuzaa mimi. Jumamosi nzima wageni wanakusemesha, wewe unatazama geti. Nikawa naomba Mungu kijana asije. Na hakuja." Mama alivuta pumzi, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ndogo. "Nimeijutia dua ile siku nyingi, mwanangu. Mwambie aje. Mwambie nimemsubiri na mimi."